Kuwafuatilia wabunge wanne wa Maine: soma swali kabla ya kura

Mkuu, umeuliza watu wa Maine, hasa ndugu zetu wa Portland na Lewiston wenye kesi za kuomba hifadhi ya ukimbizi, wanawezaje kujua wabunge wao wanafanya nini Washington bila kutegemea vipeperushi vya kampeni. Inawezekana, na Maine ni nyepesi kuliko majimbo mengi kwa sababu wenyewe ni wanne tu. Kuna maseneta wawili, Susan Collins wa Republican na Angus King asiye na chama, na wawakilishi wawili wa Democrat, Chellie Pingree wa wilaya ya 1 na Jared Golden wa wilaya ya 2. Anayefuatilia California ana watu 54 wa kuwahesabu.

Anza na wilaya. Portland iko ya 1, Lewiston iko ya 2, na kati yake ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Kwa hiyo dada na kaka wanaoishi miji hiyo miwili wana maseneta walewale lakini mwakilishi tofauti. Anayetaka ofisi ya mbunge iulizie faili lake uhamiaji ajaze kwanza fomu ya ridhaa na kuitia saini, la sivyo ofisi haiwezi kujibiwa kuhusu mambo yake binafsi.

Sasa kura. Kura za Baraza la Wawakilishi zipo kwenye tovuti ya Karani, clerk.house.gov, na za Seneti zipo senate.gov. Kila kura ina faili la XML, yaani data iliyopangwa ili kompyuta iisome, unaloweza kulipakua. Shida ya kwanza ni vitambulisho. Baraza linatumia namba za Bioguide, orodha rasmi ya wasifu wa wabunge: Pingree ni P000597, Golden ni G000592. Seneti kwenye mafaili yake ya kura inatumia namba nyingine kabisa, S252 kwa Collins na S363 kwa King. Ukiunganisha kwa majina ya ukoo utawachanganya wenye majina yanayofanana, na ukijaribu kwa Bioguide peke yake maseneta wako watapotea kimyakimya. Dawa ni faili la wazi la legislators-current lililoko GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu na data, lenye namba zote mbili kwa kila seneta. Kumbuka pia kwamba namba za kura zinaanza upya moja kila Januari, hivyo hifadhi mwaka pamoja na namba.

Shida ya pili: Baraza mara linaandika "Yea" na "Nay", mara "Aye" na "No", kutegemea aina ya upigaji kura. Programu inayohesabu "Yea" tu itakuonyesha Golden hakuwepo siku ambayo alikuwepo na akapiga kura. Kwenye kesi za kumwondoa rais, Seneti inaandika "Guilty" na "Not Guilty". Na King chama chake kwenye faili ni "I". Huketi na Democrat, lakini ukichuja kwa "D" na "R" humuoni.

Hayo yote ni ya fundi. Kosa kubwa zaidi linafanywa na binadamu: kusoma ndiyo au hapana bila kusoma mstari wa juu unaosema kura ilikuwa ya nini. Chukua kura ya Seneti ya tarehe 7 Februari 2024, ile ya mpango wa mpaka uliounganishwa na misaada ya Ukraine na Israel. Matokeo yalikuwa 49 kwa 50. Haikuwa kura ya kupitisha muswada. Ilikuwa ya kufunga mjadala ili tu muswada uanze kushughulikiwa, na hiyo inadai kura 60. Collins na King waliandikwa ndiyo. Chuck Schumer, kiongozi wa waliokuwa wengi aliyeuleta ukumbini, yumo kwenye orodha ya hapana. Hakuugeuka. Kanuni inasema aliyekuwa upande ulioshinda ndiye anayeweza kuomba kura irudiwe, hivyo kiongozi akiona hoja inaanguka hubadili kura yake makusudi ili abaki na mlango. Ukiandika "Schumer apinga" umedanganya kwa kutumia rekodi ya kweli.

Hadithi ina mkia. Tarehe 23 Mei 2024 sehemu ya mpaka ilirudishwa peke yake, ikaanguka 43 kwa 50, na safari hii Collins alisema hapana. Amebadilika? Labda, lakini kilichokuwa mezani pia kilikuwa kimebadilika. Weka kura zote mbili pamoja na maelezo ya kila moja, msomaji aamue. Kwa Collins huna kisingizio cha kukosa data, maana anajulikana kwa kutokosa kura ya majina, yaani ile inayoandika kila mmoja alivyopiga, tangu aingie Januari 1997.

Mambo mengi lakini hayafiki kwenye kura ya majina. Yanapita kwa sauti au kwa kutokuwepo anayepinga, na hapo hakuna orodha ya kumsuta mtu. Halafu kuna miswada inayokufa. Sheria ya shirikisho inasema mwomba hifadhi asipewe kibali cha kazi kabla ya siku 180 tangu awasilishe ombi. Mwaka 2023 Collins na King upande wa Seneti, na Pingree upande wa Baraza, walileta miswada ya kushusha muda huo hadi siku 30. Taarifa kwa vyombo vya habari zikatoka, watu wakashangilia. Ukifungua congress.gov utakuta imepelekwa Kamati ya Sheria na kusimama hapohapo. Bunge la 118, kipindi cha miaka miwili, lilipofika mwisho tarehe 3 Januari 2025 ikafa yote. Anayeitaka tena lazima ailete upya kwa namba mpya, kwa hiyo ukihifadhi namba ya muswada hifadhi na namba ya Bunge, vinginevyo utafuata muswada wa kitu kingine. Angalia pia nani anakaa kamati gani. Hakuna hata mmoja wa hawa wanne aliyekuwa kwenye Kamati ya Sheria. Kuleta muswada ni bure, kuusukuma kunataka kiti.

Viti vyao vyenye nguvu viko kwenye matumizi ya fedha. Collins anaongoza Kamati ya Matumizi ya Seneti tangu Januari 2025, na Pingree yumo kwenye ya Baraza. Huko ndiko mimi ningeweka nusu ya muda wangu. Kila mmoja anaweza kuombea mradi maalumu wa nyumbani, daraja au kituo cha afya, na maombi lazima yawekwe wazi kwenye tovuti yake. Mtego uko hapa: kilichoombwa si kilichopitishwa, na kilichopitishwa si kilichotumwa. Vipeperushi hutoka wakati wa kuomba. Wewe subiri jedwali la miradi linaloambatana na sheria yenyewe, kisha utafute malipo kwenye usaspending.gov. Kwa mwaka wa fedha 2025 maombi yote yaliyeyuka, kwa sababu Machi 2025 Bunge lilipitisha sheria ya kuendeleza bajeti ya mwaka mzima isiyo na mradi maalumu hata mmoja.

Sheria hiyohiyo inawaonyesha watatu kati yao kwa mara moja. Barazani tarehe 11 Machi ilipita 217 kwa 213. Golden alikuwa Democrat pekee aliyeiunga mkono, Pingree akakataa. Seneti tarehe 14 ilifunga mjadala 62 kwa 38, kisha ikapitisha 54 kwa 46. King alisema ndiyo mara zote mbili, wakati wengi wa upande wake waliosaidia kufunga mjadala waliukataa muswada wenyewe baadaye siku hiyohiyo. Mwenye kuripoti kura moja tu kati ya hizo mbili amepata nusu ya habari, na mara nyingi ni ile nusu inayompendeza.

Fedha za kampeni zipo fec.gov, tovuti ya tume ya uchaguzi ya shirikisho, na ripoti za robo mwaka huingia tarehe 15 Aprili, 15 Julai na 15 Oktoba, ya mwisho wa mwaka tarehe 31 Januari. Mchangiaji huorodheshwa akishavuka dola 200. Usinakili anwani za wachangiaji, na kuzitumia kuombea michango au biashara ni kosa kisheria. Mauzo na manunuzi ya hisa ya wabunge yanayozidi dola 1,000 yanatakiwa kutangazwa ndani ya siku 45, lakini kiasi huandikwa kwa makundi, kwa mfano dola 1,001 hadi 15,000, hivyo usitaje jumla kamili ambayo karatasi haina. Baadhi ni PDF zilizoandikwa kwa mkono na kupigwa picha. Hizo zisome kwa macho, kompyuta husoma 1 ikawa 7.