Kabla hujalipia programu ya ramani ya mavuno, nunua mzani

Wakulima wenzangu wananiuliza sana kama inafaa kulipia hizi programu za kuchora ramani ya mavuno ya shamba, yaani ramani inayoonyesha kila sehemu ya shamba imetoa kiasi gani. Kwa mkulima wa mahindi wa Mbozi, Mufindi au Wanging'ombe anayevuna kwa mikono, jibu langu ni hapana, bado. Kwa mwenye eneo kubwa na kombaini (mashine ya kuvunia) yenye vihisi, yaani vifaa vya kupimia mavuno, ni ndiyo, kwa masharti nitakayoyataja. Ninasema haya kutokana na shamba la familia yetu huku Mbozi, mahindi na maharage, ambako tuliwahi kulipia programu ya namna hiyo kisha tukaendelea bila hiyo.

Kwanza tuelewane ramani yenyewe inatoka wapi. Ramani ya mavuno ya kweli huchorwa na kombaini. Punje zikishapukuchuliwa hupandishwa juu ndani ya mashine na kugonga bamba lenye kihisi, na nguvu ya mgongano ndiyo inayogeuzwa kuwa kilo. Kihisi kingine hupima unyevu, na GPS huandika mahali mashine ilipo. Hata hivyo si kazi ya kubonyeza tu. Tangu bua likatwe hadi punje ifike kwenye kihisi hupita sekunde kadhaa, na mashine wakati huo imeshasogea. Hilo lisiporekebishwa, mavuno yanaandikwa mahali ambapo hayakutoka. Tena kihisi kisipolinganishwa na mzani wa kweli, kilo zote zinakuwa za kukisia.

Sasa tazama tunavyovuna sisi. Mahindi yanavunjwa kwa mkono, yanarundikwa, mashine ya kupukuchua inaletwa, magunia yanajazwa. Mwisho wa siku unajua umepata gunia ngapi shamba zima, lakini hujui zipi zimetoka mlimani na zipi bondeni. Programu haina mahali pa kuokota taarifa hiyo. Kwa hiyo anachouziwa mkulima wa aina yetu, mara nyingi, ni picha ya ukijani kutoka satelaiti pamoja na makadirio ya mavuno juu yake.

Picha hizo zina faida, sikatai. Ile tuliyolipia ilitumia picha za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya. Nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10, maana yake ekari moja ina nukta kama 40, na zikiwa satelaiti mbili hupita juu yako kila siku 5. Lakini picha hizohizo zinatolewa bure kwenye tovuti ya Copernicus, na programu ya kuchorea ramani, QGIS, nayo ni bure. Unacholipia ni urahisi: mtu amekupangia rangi na kukutumia ujumbe kwenye simu. Asiye na muda, au asiye na kijana nyumbani anayeweza kompyuta, anaweza kuona urahisi huo una thamani. Mimi siwezi kumbishia.

Ninachobishana nacho ni kuuita ukijani mavuno. Nyanda zetu za juu zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na mahindi yanatoa mbelewele wakati anga limefunga mawingu. Satelaiti hizi hazioni chini ya wingu. Wiki ambazo ungetaka kuliona shamba kuliko zote ndizo unazokosa. Na wingu likiondoka, jani la gugu ni kijani kama jani la hindi. Kwetu kulikuwa na kipande ambacho palizi ya pili ilichelewa. Kwenye simu kilionekana kimenawiri kuliko jirani zake wote, na tulipokuja kupima magunia ndicho kilichokuwa nyuma.

Hapo ndipo mzani unapoingia. Gawa shamba kwa vipande vinavyofuata hali ya ardhi yenyewe: mteremko, tambarare, bonde, penye udongo mwekundu, penye udongo mweusi. Zunguka mpaka wa kila kipande na simu yenye GPS. Inakosea mita chache, ila kwa kipande cha nusu ekari na zaidi inatosha. Siku ya kuvunja, pima kwa kamba mraba wa mita 10 kwa 10 mahali pa wastani ndani ya kila kipande, siyo pale palipopendeza. Vunja mraba huo peke yake, pukuchua, kausha, pima, kisha zidisha kwa 40 upate kilo za ekari. Mraba ukitoa kilo 45, ekari ni kilo 1,800, yaani gunia 18 za kilo 100. Ukiweza, chukua miraba miwili au mitatu kila kipande.

Zingatia ukavu. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi asilimia 13 zinabaki kilo 92. Ukipima kipande kimoja kibichi na kingine kikavu, umejidanganya. Andika namba ya kipande kwenye gunia kwa maka pen, usitegemee kukumbuka. Debe lisitumike kabisa kwa kazi hii, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ndiyo usiiguse.

Kwa njia hiyo tulijua kwamba sehemu ya juu ya shamba letu inatoa kidogo mwaka hadi mwaka, iwe mvua nyingi au chache. Hakuna ramani, ya bure wala ya kulipia, iliyoweza kutuambia kwa nini. Sampuli za udongo tulizopima ndizo zilizosema: pH ilikuwa chini ya 5. Kwenye udongo mchachu kiasi hicho, alumini huumiza mizizi na fosforasi ya mbolea ya kupandia hufungwa udongoni, mmea usiipate. Tulikuwa tunamwaga DAP pale kama kwingine. Ilihitajika chokaa ya kilimo kwanza. Mkulima wa Mbeya ana kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole karibu. Fedha ya usajili wa programu ianze kwenda kwenye kipimo cha udongo.

Hesabu ya gharama ni rahisi. Tuseme programu inadai shilingi 12,000 kwa ekari kwa mwaka na gunia la mahindi ni shilingi 60,000. Unahitaji kilo 20 za ziada kwa ekari ili irudi. Ni kidogo, na muuzaji atakuonyesha hilo haraka. Swali ni kilo hizo 20 zitatoka kwenye uamuzi gani. Kama utaweka mfuko uleule wa mbolea kila ekari baada ya kuiona ramani, hazitatoka popote.

Kwa wenye kombaini yao, au wanaokodi kombaini zenye vihisi, hali ni tofauti, hasa kama wana njia ya kubadilisha kiwango cha mbolea kipande kwa kipande. Hao walipie, wakijua msimu mmoja hautoshi, kwa sababu ramani ya mwaka mmoja inaweza kuonyesha mvua ya mwaka ule kuliko udongo. Anayekodi akubaliane na mwenye mashine mapema kwamba takwimu za shamba lake atapewa, la sivyo zinaondoka na mashine. Na kwa muuzaji wa programu, ulizeni kabla ya kulipa: nikiacha kulipia, ramani zangu za miaka iliyopita nitazipata? Akisema ndiyo, mwambieni awaonyeshe papo hapo jinsi ya kuzipakua katika faili linalofunguka kwenye QGIS au Excel, na kila baada ya mavuno zipakueni mzihifadhi kwenu.