Pointi Sita Zilivyonikwamisha Chuoni

Asaimenti yangu ya kwanza chuoni ilirudi na alama 9 kati ya 20. Nilikuwa nimetoka kidato cha sita na A ya Historia, kwa hiyo nilijiona mwandishi. Swali lilitaka tujadili kwa nini vijiji vya Ujamaa, vile vya kuishi na kulima pamoja enzi za Nyerere, havikufikia malengo yake. Nikashusha utangulizi, pointi sita na hitimisho, kama tulivyozoea kujiandaa kwa mtihani wa taifa wa NECTA. Pembeni ya kila pointi mhadhiri aliandika kwa kalamu nyekundu maneno mawili: "Kwa hiyo?"

Nilinuna wiki nzima. Halafu nikaisoma upya aya yangu ya tatu: "Sababu nyingine ni ukame. Mwaka 1974 kulikuwa na ukame uliosababisha njaa." Basi, imeishia hapo. Uongo haumo, ila hoja nayo haimo. Nilipoirudia ikawa hivi: "Ukame wa 1973 na 1974 uliwakuta wakulima wengi wameshahamishwa, mashamba ya zamani wameyaacha na mapya hayajatengemaa. Kwa hiyo njaa ile haiwezi kubebeshwa mvua peke yake. Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali iliyowahamisha, nayo ina sehemu yake." Hapo ndipo mtu anaweza kunibishia, na chuoni ukiambiwa jadili, kinachotafutwa ni hicho.

Wewe unayeingia mwaka wa kwanza, kabla hujagusa kompyuta jibu swali kwa sentensi moja ya Kiswahili, kama unavyomjibu mwenzako kwenye kimbweta. Ndiyo, Kiswahili, hata kama kazi yenyewe itaandikwa kwa Kiingereza. Wengi wetu tulisoma msingi kwa Kiswahili, sekondari tukatumbukizwa kwenye Kiingereza, tukajifunza kuficha tusichokielewa nyuma ya sentensi za kukariri. Sentensi hiyo ikigoma kutoka hata kwa Kiswahili, usisingizie lugha. Hujasoma vya kutosha, rudi maktaba.

Zoezi lililonijenga zaidi ni la bure. Nasoma kurasa mbili tatu, nafunga kitabu, naandika aya moja kwa maneno yangu. Mwanzoni ilikuwa mistari mitatu na jasho juu. Ukiandika kitabu kikiwa wazi, utadesa tu hata kama hukukusudia. Jina la mwandishi, mwaka na ukurasa viandike palepale. Mimi niliwahi kukesha nikiusaka ukurasa wa nukuu moja, na kitabu chenyewe kilikuwa kimeshaazimwa na mtu mwingine.

Kazi ya pili nilimsomea kwa sauti mwenzangu wa chumbani, mtu wa uhandisi asiye na habari na Ujamaa. Nilimwomba kila aya ikiisha aulize, "Kwa hiyo?" Aya mbili zilinishinda kujibu, nikazifuta saa sita usiku, nikakusanya kurasa nne badala ya tano. Nikapata 14. Kwenye aya ya mwisho kalamu nyekundu ilikuwepo bado, na swali lake lilelile.