Bwana Miti Anajibu: Ngitili yetu inapimwa viwanja

*Shikamoo Bwana Miti. Naishi kijijini Misungwi, si mbali na Usagara. Nzengo yetu, yaani jumuiya yetu ya majirani, ina ngitili (eneo la malisho na miti linalofungwa kwa msimu) ya migunga na mikwaju tangu enzi za babu. Sasa wapimaji wanasimika bikoni (alama za mipaka ya viwanja) humo, na baadhi ya wazee wameshapokea fedha za viwanja. Mwenyekiti anasema mji umefika, hakuna la kufanya. Ni kweli? — Msomaji, Misungwi*

Marahaba, mwanangu. Si kweli, ila muda mlionao ni mfupi.

Kwanza ulizia kama kijiji chenu bado kina usajili wake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi yenu. Kijiji kikishageuzwa mitaa, mamlaka hayo yanaondoka. Mwenyekiti wa mtaa hana ardhi ya kusimamia, hata awe na nia njema kiasi gani. Inaniuma sana kwamba wengi hulijua hili tingatinga likishapita.

Usajili ukiwepo, itisheni mkutano mkuu. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, na ngitili inaweza kuingia humo. Shida ni kwamba ngitili nyingi zimo vichwani mwa wazee tu: inaanzia kwenye mkwaju uliopigwa radi, inaishia mtoni, inafungwa mvua zikianza, inafunguliwa kiangazi mabua yakiisha mashambani. Mpimaji mgeni hayaoni hayo. Mkutano upitishe mipaka na sheria ndogo, muhtasari usainiwe, orodha ya mahudhurio iambatanishwe, vyote vifike halmashauri ya wilaya.

Kuhusu wazee waliopokea fedha: ardhi ya nzengo haiuzwi na mtu mmoja mmoja. Andikeni pingamizi sasa, kabla misingi haijachimbwa.

Na msikubali ngitili iandikwe "pori tupu" hata kama wachoma mkaa wameimaliza. Nilikuwa Shinyanga wakati wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), mradi wa kurudisha uoto ulioanza 1986. Nchi ilikuwa nyeupe, lakini ng'ombe walipozuiwa, visiki vya migunga vilichipua vyenyewe, bila mche hata mmoja kupandwa. Miaka 20 haikufika, ngitili za mkoa ule zikapita hekta 300,000.

Na kama ngitili yenu inapakana na mto, huo nao msiusahau. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Chukueni futi kamba mpime wenyewe, mhesabu bikoni zilizoingia humo, na idadi hiyo iwemo kwenye barua ya pingamizi.