Maswali ya Wasomaji: Anataka udaktari, anaikimbia Fizikia

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Muheza na Pangani. Nyingi ni za wazazi wenye watoto waliomaliza Kidato cha Nne, na wanachouliza ni tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya kusoma Kidato cha Tano na cha Sita.

Habari za kazi, wahariri. Binti yangu amepata Biolojia B, Kemia C, Jiografia B na Fizikia D. Anataka kuwa daktari, ila anasema achukue CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) kwa kuwa Fizikia inamtesa, kisha ataingilia udaktari kwa Kemia na Biolojia. Mjomba wake anamuunga mkono. Inawezekana? — Mama wa watatu, Makorora

Mama, mjomba kapotea njia. Shahada ya udaktari wa binadamu, iwe Muhimbili, Bugando, KCMC au Dodoma, inamtaka mhitimu wa Kidato cha Sita awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. Jiografia haishiki nafasi ya Fizikia hata akiipata A. CBG ni tahasusi nzuri kwa kilimo, mazingira, wanyamapori au ualimu, na anayeyataka hayo aichukue bila kuona haya. Akiichukua ili kuikwepa Fizikia huku anautaka udaktari, ataligundua kosa miaka miwili baadaye, siku ya kuomba chuo.

Habari njema ni kwamba D ya Fizikia haijamfungia PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Kwa mwongozo wa TAMISEMI wa miaka ya karibuni, jumla ya pointi za masomo matatu ya tahasusi isizidi 10, na pasiwe na F. Hapa A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Binti ana 4 za Fizikia, 3 za Kemia na 2 za Biolojia, jumla 9. Amepita, ingawa kwa CBG ana 7 tu. Kwa hiyo akiiacha CBG juu ya orodha ya machaguo yake, huko ndiko anakoweza kupangwa. Matokeo yakishatoka hufunguliwa muda wa kubadili machaguo kwenye Selform, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI. Aingie mapema, muda ukifungwa, umefungwa.

Hukutuandikia alama yake ya Hisabati, na hiyo ndiyo tungeitazama kwanza. Mwanafunzi wa PCB hasomi Hisabati kamili, anasoma BAM, hisabati ya msingi ya matumizi. Shida ni kwamba Fizikia haiisubiri BAM. Kidato cha Tano Fizikia huanza na makosa ya vipimo, vekta na mwendo wa kitu kilichorushwa, na mwalimu hutumia logi na utofautishaji wakati kwenye BAM bado mpo kwenye kikokotoo na funksheni. Wengi wanaosema Fizikia ni ngumu wamekwama kwenye hesabu, na Fizikia yenyewe hawajaifikia.

Kati ya sasa na Julai afanye mambo machache kila siku: kuhamisha herufi ndani ya kanuni mpaka mkono uzoee, vipeo na logi, sine na kosine, na kuchora grafu kwa mkono. Nyumbani kuna jaribio moja lisilo na gharama. Achukue uzi, afunge nati moja, aning'inize kwenye fremu ya mlango. Apime mita 1 kutoka kwenye fundo la juu hadi katikati ya nati, maana wengi huishia kwenye kifundo cha chini. Aivute kidogo tu, isizidi nyuzi 10, aiachie, kisha apime kwa simu muda wa mabembeo 20 (kwenda na kurudi ni bembeo moja). Inatakiwa ikaribie sekunde 40.

Akipata 38, karibu kila mara kosa ni moja: alianza kuhesabu "moja" pale alipobonyeza saa, badala ya "sifuri". Kwa hiyo amepima mabembeo 19 na kugawanya kwa 20. Muda wa bembeo moja umepungua kwa asilimia 5, na kwa kuwa kanuni inautaka muda kwa kipeo cha pili, g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia unaotafutwa kwa jaribio hili, inatoka karibu 10.9 badala ya 9.8. Afanye makusudi mara zote mbili, sahihi na kwa kosa, alinganishe majibu. Kisha abadilishe urefu mara tano, achore grafu ya kipeo cha pili cha muda dhidi ya urefu. Afunge na dirisha: upepo wa baharini unatosha kuiyumbisha nati. Mtoto akilifurahia hili, PCB ataimudu. Likimkera wiki nzima, mkae mzungumze tena, bila mjomba.

Kaka yangu amemaliza Kidato cha Sita PCB, ana C, C na D. Mmoja anatuambia ana pointi 10, mwingine anasema 8. Nani mkweli? — Msomaji, Muheza

Wote wawili. Kwa kupanga daraja, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, na kidogo ndiyo bora: 3, 3 na 4 ni 10, yaani Daraja la Pili. Kwa kuomba chuo hesabu inageuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kingi ndiyo bora: 3, 3 na 2 ni 8. Ukisoma kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, tumia hii ya pili. Na usiangalie jumla peke yake: kozi za afya huweka pia kiwango cha chini cha alama kwa kila somo. BAM haiingii kwenye daraja, ila hiyo si ruhusa ya kuilalia.

Mwanangu kapangiwa PCB shule ya serikali. Nimpeleke ya kulipia? Nitajuaje ipi ina maabara ya kweli? — Baba, Chumbageni

Mzee wetu, ada haikuambii kitu kuhusu maabara, wala rangi ya jengo. Kila somo la PCB lina karatasi ya tatu ya vitendo, na hapo ndipo wanafunzi wenye vichwa vizuri hupoteza alama za bure. Nenda shuleni uulize: je, kila somo kati ya hayo matatu lina mwalimu wake sasa hivi? Vitendo hufanywa kila wiki, au ni kuanzia Machi, mtihani wa Mei ukishakaribia? Na bureti moja, lile bomba la kioo la kupimia kimiminika, hushikwa na wanafunzi wangapi? Wakisema kumi, ujue tisa ni watazamaji.

Ukipata nafasi, muulize mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Sita anavyoiandaa bureti. Aliyeishika atakwambia husuuzwa kwa kimiminika kilekile kitakachotiwa ndani, maana maji yakibaki hukizimua. Bali chupa ya koni husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa tu. Atakwambia faneli huondolewa baada ya kujaza, isije ikadondosha tone katikati ya kazi, na kiputo cha hewa chini ya koki hutolewa kabla ya kusoma kipimo. Akiongeza kwamba kwenye kipimo cha pamanganeti na oksaleti, pamanganeti husomwa kwenye ukingo wa juu kwa sababu ya weusi wake, na kwamba oksaleti hupashwa moto hadi nyuzi 60 au 70, shule hiyo inafundisha. Oksaleti ikiwa baridi, mmenyuko huenda polepole. Rangi ya waridi ya mwanzo hukawia kufutika, mtoto anadhani kafika mwisho wa kipimo na kuacha mapema. Tindikali ikiwa pungufu inatokea tope la kahawia, na hapo ni kumwaga na kuanza upya.

Kama shule aliyopangiwa inayajibu haya vizuri, fedha yako iache mfukoni.

Nimepata Biolojia C, Kiswahili C, Kemia D, Fizikia D na Hisabati F. Ndoto ya udaktari ndiyo basi? — Kijana, Pangani

Kidato cha Tano kwa PCB hapana: una pointi 11, na masomo mawili tu yenye C, wakati yanatakiwa walau matatu yenye C au zaidi. Ila stashahada ya utabibu ya miaka mitatu, kupitia vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, huangalia ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hayo unayo. Ukihitimu kwa GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 au zaidi unaweza kuomba shahada ya udaktari, na hapo ndipo F yako itakapokungoja mlangoni: njia hii hudai pia walau D za Kidato cha Nne katika Fizikia, Kemia, Biolojia, Kiingereza na Hisabati. Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, urudie Hisabati Novemba hii, kabla mambo ya wodini hayajakujaa kichwani. D inaanzia alama 30.

Binamu yangu yuko Marekani, anachukua masomo ya AP, anasema ni "pre-med". Sisi huku tumechelewa? — Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Tanga mjini

Hujachelewa, njia ndizo tofauti. Huko mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne, akafanya mtihani wa MCAT, ndipo aingie chuo cha udaktari kwa miaka minne mingine. Pre-med si somo, ni maandalizi ya kuingia humo. AP, masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari, za Biolojia, Kemia na Fizikia humpa msingi, ingawa vyuo vingi vya udaktari vya huko bado humtaka asome chuoni Kemia na Biolojia zenye maabara hata kama alama zake za AP ni nzuri. Wewe ukitoka Kidato cha Sita unaingia moja kwa moja kwenye udaktari: miaka mitano, na mmoja wa mafunzo kazini hospitalini. Ila kama shuleni kwenu Fizikia na Kemia ni za hiari kuanzia Kidato cha Tatu, na umeshaiacha moja, kamwone mwalimu wa taaluma wiki hii.