Kuvunja vizuri kwenye pool: anza na mpira mweupe, nguvu itafuata

Mtazame mchezaji mgeni anapojiandaa kuvunja, yaani kupiga lile pigo la kwanza la kuitawanya mipira. Anarudi nyuma, anavuta pumzi, anakaza mkono hadi mishipa inatokeza, halafu anaachia nguvu zote alizonazo. Mshindo unasikika chumba kizima. Mpira mmoja unaruka nje ya meza, na mweupe, ule unaopigwa na fimbo, unagonga kingo mbili tatu na kutumbukia shimoni. Waliosimama pembeni wanashangilia ule mshindo, lakini zamu imeshahamia kwa mpinzani, naye ana mpira mweupe mkononi, auweke mezani mwenyewe kabla ya kupiga, na mipira iliyokwisha kutawanywa kwa ajili yake.

Karibu kila ninayemfundisha huanza kwa kutafuta nguvu, akiamini mengine yatakuja yenyewe. Hayaji. Kuvunja ni pigo kama mapigo mengine: lina shabaha, lina mahali unapotaka mpira mweupe ubaki, na lina kasi ambayo mkono wako unaimudu kwa sasa. Mimi hufundisha kwa mpangilio huu: kwanza mipira ipangwe sawasawa, kisha mweupe ugonge katikati ya mpira wa mbele, kisha ujifunze kuusimamisha mweupe. Kasi inaongezwa mwisho kabisa.

Tuanze na upangaji, kwa sababu wengi huufanya huku wakizungumza na mtu mwingine. Ile mipira 15 ndani ya pembetatu inatakiwa igusane. Nguvu ya pigo lako husafiri kutoka mpira hadi mpira kwa kugusana; palipo na upenyo, hata mwembamba kama karatasi, nguvu hukatika na upande mmoja wa rundo hubaki umelala. Weka mpira wa mbele juu ya nukta, ile alama ya mezani inapopangiwa mipira, ingiza vidole nyuma ya safu ya mwisho, ibane yote mbele kwa pamoja, halafu toa fremu taratibu. Usitosheke hapo. Inama uitazame kutoka mbele. Ukiona mwanga kati ya mpira wa mbele na ile miwili inayoufuata, panga upya bila aibu. Meza iliyotumika sana huwa na kishimo kidogo pale kwenye nukta, nacho huuvuta mpira wa mbele utengane na wenzake. Ndiyo maana mashindano mengi siku hizi hutumia kile kiolezo chembamba cha plastiki kinachoishikilia mipira mahali pake. Mipira michafu nayo hula nguvu, kwa hiyo ifute kabla ya kupanga.

Sasa tuje kwenye mgongano wenyewe, na hapa nakuomba usisome haraka. Kwenye meza ya futi 9, kutoka mstari wa kuvunjia, ule ambao mweupe huwekwa nyuma yake, hadi nukta ya mpira wa mbele ni sentimita 127. Kipenyo cha mpira ni milimita 57 na kidogo. Tuseme umelenga katikati kabisa ya mpira wa mbele, lakini mweupe umepotoka kwa sentimita 2 upande wa kulia. Kwa umbali huo, kosa lako la mwelekeo halifiki hata nyuzi 1. Mpira wa mbele bado utapokea sehemu kubwa ya nguvu, na rundo litatawanyika kiasi. Tatizo liko kwa mweupe: unabaki na takriban theluthi moja ya kasi yake, na unaondoka nayo kuelekea pembeni. Ikiwa ulipiga kwa kilomita 30 kwa saa, mweupe unaelekea ukingoni kwa kilomita 10 kwa saa, bila mwenyewe. Kasi hiyo inatosha kabisa kuufikisha kwenye shimo lolote la meza. Kwa hiyo mweupe unapotumbukia wakati wa kuvunja, usiseme ni bahati mbaya. Mara nyingi ni ule upotofu wa sentimita 2.

Habari njema ni kwamba mweupe wenyewe unakueleza ulikosea wapi. Ukikimbilia kulia baada ya kugonga, uligonga upande wa kulia wa mpira wa mbele. Ukikimbilia kushoto, uligonga kushoto. Ukisimama au ukarudi nyuma kwa kufuata mstari uleule uliokuja nao, uligonga katikati. Jizoeze kuutazama mweupe baada ya kuvunja. Wageni hutazama rundo, maana huko ndiko kwenye tamasha, halafu hawajui mweupe ulipita wapi.

Zoezi linalosaidia kuliko yote halihitaji rundo. Weka mpira mmoja tu kwenye nukta, weka mweupe mahali unapovunjia, upige kwa kasi ya wastani. Ukiupata katikati, ule mpira utakwenda hadi ukingo wa mwisho na kurudi kwenye mstari wake, uje kuugonga mweupe au upite karibu nao sana. Mpira huo ukirudi mbali na mweupe, hukupata katikati. Usiongeze kasi hadi mpira huo uwe unarudi nyumbani mara nyingi kuliko unavyopotea. Najua zoezi hili linachosha. Lifanye hivyohivyo, kwa sababu ukiwa na rundo mbele yako huwezi kuona kosa dogo. Mipira 15 ikitawanyika inaficha kila kitu.

Baada ya mwelekeo, angalia unapougonga mweupe kwa juu na chini. Mpira mmoja unapogonga katikati ya mwingine wenye uzito uleule bila mzunguko wowote, wa kwanza husimama. Lakini rundo ni zito kuliko mpira mmoja, ndiyo maana mweupe hudunda na kurudi nyuma. Unachotaka ni mweupe urudi kidogo, utulie katikati ya meza, mahali ambapo utakuwa na njia ya kwenda karibu kila upande. Anza kwa kuugonga katikati kabisa. Ukiona unarudi mbali sana hadi ukingo wa upande wako, pandisha ncha ya fimbo kidogo, yaani kwa milimita chache tu, ili mzunguko wa mbele upunguze ule mdundo. Ukiona unasonga mbele na kujichanganya na mipira mingine, shusha ncha. Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha urefu wa ncha, kasi na mahali pa kuvunjia kwa pamoja, hutajua kipi kilikusaidia.

Kuna adui mwingine asiyeonekana kwa macho: mweupe kuruka. Ukingo wa meza unalazimisha sehemu ya nyuma ya fimbo kuwa juu kuliko ncha, kwa hiyo kila pigo la nguvu huelekea chini kidogo na kuurusha mweupe hewani. Mweupe ukifika kwenye rundo ukiwa bado hewani, unaugonga mpira wa mbele kwa juu, nguvu inapotea, na mweupe unaweza kuruka nje ya meza. Dawa yake ya kwanza ni kuilaza fimbo kadiri ukingo unavyoruhusu. Ya pili ni kutouweka mweupe karibu na ukingo wa nyuma. Usogeze mbele hadi karibu na mstari wa kuvunjia. Huko pia umbali wa kulenga unapungua. Simu yoyote inayorekodi video ya mwendo wa polepole, ikiwekwa upande wa meza, itakuonyesha mruko huo waziwazi.

Kuhusu mwili, nitasema machache kwa sababu kila mtu ana umbo lake. Simama wima zaidi kidogo kuliko unavyosimama kwa pigo la kawaida, ili mkono upate nafasi ya kupita. Mkono wa mbele uwe mbali zaidi na mpira mweupe, na mkono wa nyuma ushike fimbo nyuma kidogo ya pale ulipozoea. Mshiko uwe mlegevu. Hili nalisisitiza: mkono uliokazwa ni mkono mzito, na huivuta fimbo pembeni. Rudisha fimbo nyuma polepole, tulia kidogo, kisha iongeze kasi ili ifike kileleni pale inapougusa mweupe, na uiache ipitilize mbele. Wachezaji wakubwa huonekana wakirusha mwili mzima mbele. Ule mwendo ni matokeo ya miaka ya kujua muda sahihi, na ukiuiga mapema utasogeza bega na kupoteza shabaha. Macho yako, wakati wa pigo lenyewe, yawe kwenye mpira wa mbele au kwenye mweupe? Wapo mabingwa wa kila upande. Mimi nawaambia wanaoanza watazame mpira wa mbele, lakini jaribu yote mawili na ule mpira mmoja wa mazoezi, kisha chagua na usibadilishe katikati ya mchezo.

Sasa kasi. Nguvu iliyomo kwenye mpira hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 20 kwa saa hadi 25, umeongeza nguvu kwa zaidi ya nusu. Ndiyo sababu kasi ina thamani, na sitakudanganya kwamba haina. Weledi wengi huvunja kwa kasi iliyo kati ya kilomita 30 na 40 kwa saa, na Mmarekani Shane Van Boening amejenga sehemu kubwa ya sifa yake juu ya pigo hilo. Lakini tafuta kwanza kasi ya juu kabisa ambayo mweupe bado unakutii. Kwa wengi wanaoanza, kasi hiyo ni kama theluthi mbili ya nguvu zao, na wakikubali kubaki hapo kwa muda, mipira wanayotumbukiza huongezeka badala ya kupungua. Panda hatua ndogondogo. Mweupe ukianza kukimbia pembeni, shuka hatua moja, ukae hapo.

Wala usidhani kila mchezo unataka mshindo. Katika mchezo wa mipira 9, unaopangwa kwa mipira tisa tu, Corey Deuel wa Marekani alishinda mashindano ya US Open mwaka 2001 akiwa na pigo laini la kuvunja ambalo liliwashangaza wengi: mipira iliyopangwa kwa kubanana hutenda vilevile kila mara, naye alijua mpira upi utaelekea shimo lipi. Baadaye baadhi ya mashindano yaliweka kanuni za kulizuia pigo hilo, kwa mfano kutaka mipira mitatu iwe imetumbukia au imevuka mstari wa kuvunjia. Kwenye mipira 9 ni lazima pia uanze na mpira namba 1, nao ndio unaokaa mbele. Wengi huvunja kutoka karibu na ukingo wa pembeni, kwa sababu ule mpira wa pembeni ya rundo huwa na tabia ya kuelekea shimo la kona.

Katika mchezo wa nane, ule wa mipira 15 ambao namba 8 hutumbukizwa mwisho, kanuni za kimataifa za WPA, shirikisho la pool la dunia, hazikulazimishi ugonge mpira wa mbele kwanza, ila kama hakuna mpira uliotumbukia, angalau mipira minne iwe imegusa kingo. Uhuru huo ndio uliozaa namna ya kuvunja kutoka pembeni kwa kuugonga mpira wa pili, yaani ule wa safu ya pili, ukiupiga mweupe kwa chini ili usitumbukie. Mpira namba 8 husogea sana kwa njia hii, na wakati mwingine hutumbukia. Kwa kanuni hizo, kuutumbukiza wakati wa kuvunja si ushindi wala kushindwa. Unachagua urudishwe kwenye nukta au uvunje upya. Lakini watu wengi huhesabu ni ushindi papo hapo, kwa hiyo ulizia kabla ya mchezo kuanza. Namna hii ya mpira wa pili iache kwanza. Ukikosea kidogo tu, mweupe huenda moja kwa moja kwenye kona.

Vifaa havinisumbui sana kwa mtu anayeanza. Fimbo maalumu ya kuvunjia ina ncha ngumu inayopitisha nguvu vizuri zaidi, na faida yake kubwa ni kuilinda ngozi ya ncha ya fimbo yako ya kuchezea, ambayo hubonyea na kutanuka ukivunjia mara kwa mara. Ukiwa huna, chagua fimbo nyingine yoyote iliyonyooka, ivingirishe mezani uhakikishe haipindi, upake chaki kila unapovunja. Usikimbilie fimbo nzito. Uzito unaokupunguzia kasi ya mkono haukusaidii.

Ukiwa mgeni kwenye meza, pigo lako la kwanza la kuvunja liwe la kukusanya habari. Vunja kwa kasi yako ya wastani, ukiwa katikati au hatua ndogo kando yake, na uangalie mambo mawili: mweupe ulitulia wapi, na mipira ya pembeni ya rundo ilielekea kona zipi. Kama ilikaribia kona ikagonga ukingo kabla ya shimo, sogeza mweupe kwa upana wa mpira mmoja kwenda upande mmoja unapovunja tena, kasi ikiwa ileile. Kama ilitumbukia, rudi palepale, kwa kasi ileile, hadi meza ianze kukupa jibu tofauti.