Chembechembe gizani na ukali wa picha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hupiga picha za harusi ukumbini. Ninapoing'arisha suti nyeusi ya bwana harusi kwenye kompyuta, hujaa chembechembe za rangi, na nikizifuta kwa programu, nyuso na nakshi za nguo hupoteza ukali. Kamera yangu ina megapikseli 24, yaani pikseli (nukta zinazounda picha) milioni 24. Nimeshauriwa nitafute yenye megapikseli chache, kwa madai kwamba pikseli kubwa hazitoi chembechembe. Je, ni kweli?
Mpiga picha, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, usiingie gharama kwa sababu hiyo. Chembechembe hizo hutokana kwa sehemu kubwa na mwanga wenyewe, ambao huifikia sensa (kipande cha kamera kinachonasa mwanga) kama fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazoanguka bila mpangilio, hivyo idadi yake huyumba kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili. Pikseli iliyonasa fotoni 10,000 kwenye gauni jeupe huyumba kwa 100 hivi, yaani asilimia 1, lakini iliyonasa fotoni 100 kwenye suti huyumba kwa 10, yaani asilimia 10, na hapo hujumlishwa kelele, yaani kuyumba kwa mawimbi ya umeme, ya saketi zinazoisoma sensa, ambayo penye mwanga mwingi haionekani. Kompyuta haiongezi fotoni hata moja; hukuza picha pamoja na kasoro zake.

Ni kweli kwamba pikseli ndogo hunasa mwanga mchache. Hata hivyo, picha hulinganishwa zikiwa zimechapishwa kwa ukubwa uleule, ambapo pikseli ndogo kadhaa huchanganywa pamoja, na wastani wa pikseli 4 hupunguza chembechembe kwa nusu. Nikon D800 ya mwaka 2012 ilikuwa na megapikseli 36, na bado sehemu zake za giza zilistahimili kung'arishwa kuliko za kamera nyingi za wakati huo zenye pikseli chache.

Dawa iko ukumbini. Piga kwa faili la RAW (data ghafi ya sensa), tazama histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwangaza katika picha), na uruhusu mwanga mwingi kadiri gauni litakavyovumilia bila kuungua, yaani kuwa jeupe tupu lisilo na nakshi, kwa kufungua lenzi, kupunguza kasi ya shata pale watu wametulia, au kuwasha flashi. ISO (mpangilio wa kamera unaokuza mwangaza wa picha) haileti mwanga, ingawa katika baadhi ya kamera, hasa za zamani, kuipandisha hupunguza athari ya kelele ya saketi. Kwa hizo, kupiga picha ya giza kwa ISO ya chini ukitarajia kuirekebisha baadaye ni hasara.

Unaposafisha, anza na chembechembe za rangi, kwa kuwa jicho hutambua nakshi ndogo zaidi kwa tofauti za mwangaza kuliko za rangi. Zile za mwangaza ziguse kidogo tu, maana nyingi hazitaonekana kwenye albamu. Kunoa picha kuwe hatua ya mwisho, tena kwenye kingo peke yake, la sivyo programu itazinoa chembechembe za suti kana kwamba ni nyuzi za kitambaa.