Mercedes W211 ya okazyo Lubumbashi: soma namba ya shasi kwanza

Mercedes E-Class ya 2002 hadi 2009, ile mafundi wanaita W211, leo inauzwa kwa bei inayomfanya mtu aliyekuja kununua Toyota ageuze shingo. Bei yake imeshuka, lakini piesi zake zimebaki na bei ya gari kubwa. Kwa hiyo usimalize pesa yote kwa muuzaji. Ukibakiza chini ya theluthi ya ile bei kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, bora uache.

Kabla ya kuwasha moteri, tafuta namba ya shasi. Iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, na imegongwa pia kwenye bati chini ya zulia, mbele ya kiti cha kulia. Zote mbili zifanane na ile ya kwenye karatasi za duwani. Zina herufi na tarakimu 17, na kwa sedan iliyotoka Ujerumani mwanzo wake ni WDB211. Tarakimu zinazofuata zinataja moteri: 211065 ni E320, 211056 ni E350, 211042 ni E200 Kompressor. Halafu hesabu mpaka ya kumi. Ikiwa 1, gari lilizaliwa na usukani kushoto. Ikiwa 2, lilikuwa na usukani kulia.

Hiyo ya kumi ndiyo ya kuangalia sana huku kwetu, maana gari nyingi hupandia Kasumbalesa zikitoka nchi ambazo watu huendesha upande wa kushoto wa barabara. Ukikaa mbele ya usukani wa kushoto na namba inasema 2, ujue dashibodi ilitolewa, ukuta wa moteri ukatobolewa, nyaya za mifuko ya hewa zikaungwa kwa mkono. Muuzaji atasema, "Papa, hii haijafunguliwa hata siku moja." Usibishane naye. Jioni simamisha gari mita tano kutoka ukutani, washa taa za chini. Taa ya barabara zetu hupandisha mwanga kuelekea kulia. Ikipandisha kushoto, ni ya upande mwingine, na kila usiku utampofusha anayekuja mbele yako.

Upande wa moteri, E320 ya kwanza (V6 yenye jina M112) ndiyo inayovumilia zaidi. Inameza lita 8 za mafuta ya moteri na ina plagi 12, mbili kwa kila silinda, kwa hiyo fundi akikuletea sita amekudanganya nusu. Ugonjwa wake maarufu ni kuzimika ikiwa moto, kisha kuwaka tena ikipoa: hiyo ni sensa ya krankshafti, piesi ndogo, usikubali kubadilishiwa pampu ya petroli.

E350 ina nguvu zaidi lakini ina mtego. Moteri zake za mwanzo, M272, zilipewa gia laini kwenye shafti ya kusawazisha. Meno yanalika, chen inachelewa, taa ya moteri inawaka na skana inaonyesha namba ya hitilafu P0016 au P0017. Gia yenyewe si ghali. Ghali ni kwamba moteri nzima lazima ishuke chini ili kuifikia. Soma tarakimu sita za mwisho za namba ya moteri: chini ya 468993 iko kwenye kundi la hatari. Kufuta namba hizo za hitilafu kwa skana asubuhi ya kuuza ni dakika mbili, kwa hiyo omba kulitembeza gari siku mbili tofauti.

Breki zinahitaji maneno yake. W211 zilizotengenezwa kabla ya katikati ya 2006 zina breki za umeme, SBC. Pampu yake inahesabu kila unapokanyaga. Hesabu ikijaa, ujumbe mwekundu unatokea, na ikifa kabisa unabaki na breki za mbele tu, pedali ngumu na ndefu. Fikiria hilo nyuma ya lori la madini kwenye barabara ya Likasi. Kuna jambo fundi wa kartie huenda halijui: pampu hiyo huamka yenyewe mlango ukifunguliwa au funguo ikibonyezwa, na kusukuma kwa presha ya zaidi ya bar 100. Mtu mwenye vidole ndani ya kaliper wakati huo atavipoteza. Kabla ya kubadilisha pedi, SBC izimwe kwa skana, funguo ziwekwe mfukoni mwa huyo anayefanya kazi, na mtoto asiguse mlango. Kama garaji haina skana inayoingia SBC, peleka gari kwingine. W211 za baada ya katikati ya 2006 zina breki za kawaida za mafuta, na kwa hilo peke yake zinastahili bei ya juu kidogo.

Boiti ya gia tano ni imara, ila plagi yake ya umeme ina oringi zinazochoka. Mafuta hupanda ndani ya nyaya kama utambi wa taa mpaka kwenye kompyuta. Chomoa soketi ya kompyuta, pitisha kidole: ukikuta mafuta mekundu, badilisha plagi kabla kompyuta haijakufa. Kwa gari la 2002 au 2003 angalia pia radieta. Zile za Valeo za miaka hiyo hupasuka ndani na kuchanganya maji ya kupoza na mafuta ya boiti. Dalili ni mtetemo kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa, kama unapita juu ya vijiti vilivyopangwa. Kimo cha mafuta hupimwa yakiwa na joto la digrii 80, kwa kijiti maalumu, maana bomba lake halina kijiti chake.

Airmatic, yaani sospanshi ya hewa badala ya springi, mimi naikataa. Mifuko yake ya hewa hupasuka mpira, kompresa inafanya kazi usiku na mchana mpaka inaungua. Liache gari lilale, asubuhi uangalie kona gani imeinama. Tafuta lenye springi, uliwekee tairi 225/55 R16. Mpira mrefu unasaidia mashimo, ingawa rimu za 16 haziingii kwenye breki kubwa za E500.

Wakati wa vumbi, badilisha filta za hewa kila kilomita 7,000. V6 ina mbili.

Mvua zikikaribia, jakaranda zinamwaga maua, na yanaingia chini ya kioo cha mbele na kuziba mifereji ya maji. Hapo maji hutafuta njia ya ndani, kwenye feni na zulia la abiria. Fungua boneti, toa uchafu wote kwa mkono, kisha mwaga lita moja ya maji kila upande. Inapaswa kutoka chini, nyuma ya gurudumu la mbele, ndani ya sekunde chache. Kisha nyanyua zulia la buti ushike mahali pa tairi la akiba: betri na sanduku la fyuzi la nyuma viko jirani na hapo, na hata unyevu kidogo unatosha.